Taa za Safari kwenye Gari la Kale: Hesabu Kwanza, Drili Baadaye

Kila yanapofanyika mashindano ya Africa Concours d'Elegance katika Ngong Racecourse, huonekana magari ya kale yaliyofungwa vifaa vya enzi zake: spotlaiti mbele ya grili, keria juu ya paa, mpira wa kuzuia tope nyuma ya magurudumu. Vifaa hivi vina historia hapa kwetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, na madereva waliokimbia usiku kucha katika vumbi na matope hawakutosheka na taa za kiwandani. Ndiyo maana mwenye Peugeot 404, gari lililoshinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, anapofunga taa mbili za wakati ule analirudishia heshima yake.

Lakini taa ni mzigo, na mzigo wa umeme haupimwi kwa macho. Chukua balbu mbili za halojeni za wati 55, aina iliyoingia sokoni mwaka 1962. Jumla ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na kidogo. Ongeza taa kubwa mbili za wati 60 kila moja, na sasa unavuta ampea 19. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za miaka hiyo, hutoa ampea 22 ikizunguka kwa kasi. Zinabaki ampea 3 za kuwasha plagi, waipa na taa za nyuma. Ukikwama kwenye foleni ya Ngong Road injini ikinguruma polepole, dainamo karibu haitoi chochote, na betri ndiyo inayolipa deni lote.

Tatizo la pili limejificha ndani ya waya. Shaba nayo hupinga umeme. Waya wa milimita mraba 1, ukitoka kwenye betri, ukapita swichi ya dashibodi, kisha ukarudi mbele hadi kwenye taa, unafikisha mita 5 bila shida. Ampea 9 zikipita humo, karibu volti 0.8 hupotea njiani na kugeuka joto. Swichi iliyozeeka na viungo vyenye kutu huongeza hasara. Na balbu ya uzi haisamehe: mwanga wake hutegemea joto la uzi, kwa hiyo volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Hapo utaona taa nzuri ikitoa mwanga wa manjano uliofifia, na mwenye gari akienda kutafuta balbu kali zaidi, ambayo itavuta umeme zaidi na kuchemsha waya uleule.

Fundi makini huanza kwa kupima. Ikiwa hasi ya betri ndiyo iliyoshikwa na bodi, anawasha taa, anaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na ya pili kwenye terminali ya taa. Namba inayosomeka ni volti zilizopotea. Kisha anapima kutoka bodi ya taa hadi hasi ya betri. Mara nyingi kosa liko hapa: mkono wa taa umefungwa juu ya rangi au kutu, na umeme hauna njia ya kurudi. Kukwangua mpaka chuma king'ae, kupaka grisi na kukaza upya huweza kumaliza kazi.

Dawa ya waya mrefu ni rilei. Swichi ya zamani inabaki mahali pake ikibeba umeme mdogo tu wa kuamsha rilei, nao umeme mkubwa unatoka kwenye betri kupitia fyuzi na waya wa milimita mraba 2.5 hadi kwenye taa. Wala huko si kuharibu uasili wa gari: Lucas ilikuwa ikitengeneza rilei za mfuniko wa bati tangu enzi hizo.

Kabla ya kuunganisha chochote, angalia ni upande gani wa betri ulioshikwa na bodi. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, na redio ya kisasa ikiunganishwa kinyume itaungua papo hapo. Bodi ya Land Rover pia ni ya alumini. Keria ya chuma ikikazwa juu yake moja kwa moja, maji ya masika huunganisha metali hizo mbili kama betri ndogo, alumini ikaliwa na kuacha unga mweupe. Washa za nailoni au mpira katikati hukata njia hiyo.

Mwisho, tumia matundu yaliyopo au vibano badala ya kutoboa mapya. Gari la miaka 60 halina bodi ya akiba. Kifaa kilichofungwa vizuri hufanya kazi kama kilivyokusudiwa, na siku fundi mwingine akikiondoa, alikute gari zima.