Risasi za Bastola Nyumbani: Aina, Idadi na Ukuta wa Jirani



Tangu usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walipoivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua watu 42, wakiwemo wanafunzi 37, ni nadra mikutano yetu ya usalama ya Bwera na Kasese kumalizika bila swali la silaha za nyumbani. Wale wachache wenye cheti cha bastola huuliza jambo mahususi zaidi: ni risasi zipi zifaazo kuilinda familia? Swali hilo ni halali, nasi tunalijibu waziwazi.

Risasi nzima ina ganda, fataki, baruti na kichwa. Tofauti kubwa ya aina imo katika kichwa. Kilichovikwa shaba mwili mzima hakibadiliki umbo kwa urahisi, hivyo hupenya na kuendelea na safari. Chenye tundu nchani hufunguka kinapoingia mwilini, kikapoteza mwendo humo humo. Azimio la Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi za namna hii ya pili vitani, ilhali polisi wa nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, huzitumia ili zisimpite mhalifu na kumfikia mpita njia. Hapo ndipo wengine hudhani wamepata dawa. Hawajaipata. Risasi iliyomkosa mtu haina mwili wa kufungukia. Tundu lake huweza kuzibwa na mbao au udongo, nayo ikapita kama ile nyingine.

Tuziangalie nyumba zetu wenyewe. Kichwa cha risasi ya milimita 9 kina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka mdomoni mwa bastola kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde. Mlango wa mbao, dirisha na bati havikizuii. Ukuta mwembamba wa fito na udongo si kinga ya kutegemea. Katika nyumba za kupanga, ambako kitanda cha jirani kimeegemea ukuta ule ule wa sebule yako, mwenye bastola hana budi kujua nani amelala upande wa pili kabla hajafikiria aina ya risasi. Usiku, kwa mikono inayotetemeka, hata askari aliyefunzwa hukosa shabaha. Na risasi ikishatoka, mahakama itapima kama nguvu iliyotumika ililingana na hatari iliyokuwapo. Mwizi anayekimbia na kuku si sawa na mtu aliyeinua panga juu ya mtoto.

Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 haizitenganishi risasi na bunduki: kununua au kumiliki chochote kati ya hivyo bila cheti halali ni kosa. Idadi ya risasi nayo ina mpaka. Hili tunalisisitiza kwa sababu mto Lhubiriha ni mwembamba, na Kasindi iko ng'ambo tu. Mwenye cheti cha bastola akivusha risasi za kununua kwa siri kutoka ng'ambo, cheti chake hakimwokoi. Na senti alizolipa huenda zikaishia kwa wale wale anaowaogopa. Mwenye shaka kuhusu aina au idadi aliyoruhusiwa afike kwa mkuu wa polisi wa wilaya akiwa na cheti chake, aulize kabla ya kununua.

Bastola na risasi zifungiwe mahali mbalimbali, na ufunguo usitundikwe msumarini wanapouona watoto. Chini ya mto wa kulalia si mahali pa silaha, ijapokuwa wengi hupapenda.

Lipo pia jambo la wasio na bastola kabisa. Ardhi hii imepita katika vita vingi, na jembe bado linaweza kufukua risasi kuukuu shambani. Kutu haimaanishi imekufa. Usiigonge, usiitie motoni, usimpe mtoto aichezee, wala usiibebe mfukoni kuileta kituoni. Weka alama mahali hapo kwa mti au mawe, wazuie watoto, mwarifu mwenyekiti wa LC1, kisha piga 999 au 112. Askari watakuja kuichukua.