Kutangaza matago ya kozi mijini

Kutangaza matago ya kozi mijini ni suala la uhifadhi: je, watu waambiwe mahali ndege hao wanapotaga, au pafichwe? Kozi ni ndege mbuai wa jenasi Falco. Hawajengi tago (kiota) lao wenyewe. Falco peregrinus hutaga juu ya majabali, na mjini jengo refu huchukua nafasi ya jabali.

Faida

Watu wakijua tago lilipo, wengi hulilinda. Huko Norwich, Uingereza, jukwaa la kutagia liliwekwa kwenye mnara wa kanisa kuu mwaka 2011. Umma huwatazama kozi kwa kamera na darubini. Pia mwenye jengo huweza kuahirisha ukarabati hadi makinda waruke.

Hatari

Kozi hununuliwa kwa bei kubwa kwa ajili ya uwindaji, hasa katika nchi za Ghuba. Mwezi wa Mei 2010 msafiri wa kwenda Dubai alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Birmingham akiwa amejifunga mwilini mayai 14 ya Falco peregrinus, yaliyochukuliwa kwenye majabali ya Wales.

Kinacholeta tofauti

Tago la Norwich halifikiki na lina walinzi. Majabali ya Wales hayakuwa na mlinzi. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyamapori bila kibali. Hata hivyo, kama kozi wangetaga juu ya ghorofa la Kariakoo au Buguruni bila mlinzi, kulitangaza tago kungewafaidi wezi kuliko ndege.