Daftari linapogeuka ramani: Mkulima aonavyo yaliyojificha katika kumbukumbu zake

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima na wafanyabiashara wadogo wameusikia usemi huo mara nyingi kwa maofisa ugani na maofisa mikopo, na si haba walionunua daftari wakaanza kuandika. Lakini lipo tatizo jingine ambalo halisemwi sana. Mali yaweza pia kupotea ikiwa na daftari lake, kwa sababu yaliyoandikwa ukurasa wa 3 na yaliyoandikwa ukurasa wa 71 hayajawahi kukutanishwa.

Chukulia mfano wa mkulima wa nyanya mwenye vipande vitatu vya shamba. Mwezi Februari anaandika kwamba matenga matupu yamerudi kutoka sokoni na kuwekwa katika banda la bondeni. Machi anaandika kuwa mnavu umeota kando ya mfereji. Aprili anaandika kwamba kantangaze ameonekana bondeni na kwamba amekopa dawa kwenye duka la pembejeo. Msimu unaofuata matenga yanawekwa juu, karibu na kitalu, na baada ya wiki chache kantangaze yuko kitaluni. Kila mstari umeandikwa vizuri na tarehe yake. Hata hivyo, ukimuuliza mkulima huyo nini kilitokea, anachokumbuka ni kwamba dawa haikusaidia na deni la dukani bado lipo.

Kantangaze, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, asili yake ni Amerika ya Kusini na aligundulika Tanzania mwaka 2014. Jike moja laweza kutaga hadi mayai 260. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani au tunda, mahali ambapo dawa haimfikii vizuri. Mbali na nyanya, hushambulia viazi mviringo, bilinganya na mnavu, na huweza kusafiri ndani ya matunda na katika vyombo vya kubebea mazao. Kwa hiyo dalili zote za kumshuku adui zilikuwa daftarini. Kilichokosekana ni mstari wa kuziunganisha.

Kazi hiyo ya kuchora mistari ndiyo inayofanywa na aina ya programu za kompyuta na simu zilizopata umaarufu katika miaka ya karibuni. Mojawapo ni Obsidian, iliyotolewa mwaka 2020 na Shida Li na Erica Xu, na nyingine ni Logseq. Mtumiaji huandika dondoo fupi fupi, kila moja na kichwa chake. Anapotaja jambo lenye dondoo yake, kwa mfano matenga, hulizungushia mabano mawili ya mraba kila upande, na hapo dondoo hizo mbili zinakuwa zimefungamana. Akibonyeza sehemu ya mchoro, kila dondoo hujitokeza kama kiduara na kila kiungo kama mstari. Kiduara chenye viungo vingi huwa kikubwa. Mchoro unaweza kukuzwa na kusogezwa kwa kidole, vikundi vya dondoo vikapewa rangi tofauti, na ukigusa kiduara kimoja dondoo yake inafunguka.

Kwa Kiingereza mchoro huo huitwa kwa neno lile lile la grafu, jambo linaloweza kumchanganya aliyezoea ile ya shuleni yenye mstari wa kupanda na kushuka. Hii ni grafu ya aina nyingine, yenye hisabati yake iliyoanzia kwa Leonhard Euler mwaka 1736, alipothibitisha kwamba haiwezekani kuzunguka mji wa Königsberg kwa kupita kila daraja kati ya madaraja yake 7 mara moja tu. Hakujali ukubwa wa mji wala urefu wa madaraja. Alitazama tu kipi kimeungana na kipi.

Wala kufunganisha dondoo hakukuanza na kompyuta. Msomi wa Ujerumani, Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha makasha yenye karatasi ndogo zipatazo 90,000. Kila karatasi ilikuwa na namba yake, na nyingi zilitaja namba za karatasi nyingine zilizohusiana nayo. Kwa njia hiyo aliandika zaidi ya vitabu 50. Yeye hakuwa na mchoro wa kutazama, bali alifuata namba kwa mkono kutoka karatasi hadi karatasi.

Kwa nini macho yasaidie pale kumbukumbu inaposhindwa? Hesabu yenyewe inatisha. Dondoo 10 zina jozi 45 zinazoweza kulinganishwa. Dondoo 50 zina jozi 1,225, na dondoo 200, ambazo mkulima makini aweza kuzifikisha katika misimu miwili, zina jozi 19,900. Hakuna anayekaa jioni akapitia zote hizo.

Turudi kwa mkulima wetu. Akifungua mchoro wa shamba lote ataona kitu kama utando wa buibui, na hapo wengi hufurahi kwa siku mbili kisha wakaacha. Ni vema aanze na kiduara kimoja tu, kile cha kantangaze, na kuomba programu imwonyeshe majirani zake peke yake. Ataona bondeni, kitalu, mnavu na duka la pembejeo. Akiongeza hatua moja, majirani wa majirani, ndipo kiduara cha matenga kinapojitokeza, mstari mmoja ukienda bondeni na mwingine kitaluni. Pengine hakuwahi kuandika neno matenga na neno kantangaze katika siku moja.

Hata hivyo, mstari si ushahidi. Huenda nondo waliruka tu kutoka shamba la jirani, au miche ilikuja na mayai tayari. Mchoro umempa swali la kumpelekea bwana shamba, na swali hilo lina bei nafuu kuliko chupa nyingine ya dawa kwa mkopo.

Yapo pia mambo ambayo mchoro hauyaonyeshi kabisa. Hauonyeshi fedha. Deni la shilingi 5,000 na deni la shilingi 500,000 huchorwa kwa mstari ule ule, hivyo daftari la mapato na matumizi linabaki pale pale. Ukubwa wa kiduara nao hudanganya. Neno soko litakuwa kubwa kuliko yote kwa sababu kila kitu kinakwenda sokoni, na ni afadhali lifichwe. Aidha, mchoro hauwezi kuonyesha kiungo ambacho mwandishi wake hakukiweka. Aliyeandika matenga leo na makreti kesho atapata viduara viwili visivyojuana.

Kinyume chake, viduara vilivyojitenga pembeni bila mstari wowote ndivyo vinavyopuuzwa zaidi, na pengine ndivyo vyenye faida kubwa. Mwenye duka anayetoa bidhaa kwa mali kauli akikuta jina la mteja limekaa peke yake, bila mdhamini, bila tarehe ya kulipa, bila kijiji, amejua pa kuanzia kabla ya kumpa mzigo mwingine.

Majina ya wateja yanataka uangalifu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na hata bila sheria, mteja hatapenda deni lake lionekane kwenye simu inayopitishwa mkono kwa mkono. Alama ya siri badala ya jina inatosha. Obsidian huhifadhi dondoo kama mafaili ya kawaida ndani ya kifaa cha mwenyewe na hufanya kazi bila intaneti, na ni bure kutumia, ila huduma ya kulinganisha vifaa kupitia kampuni hiyo hulipiwa. Faida yake ni kwamba maandishi yanasomeka hata programu ikifa. Hasara yake ni kwamba simu ikiibwa na hakuna nakala pengine, kila kitu kimekwenda nayo. Tena kioo cha simu ni kidogo kwa mchoro mpana.

Asiye na simu ya namna hiyo aweza kujaribu kwa karatasi kubwa na penseli. Aandike vichwa 20 kutoka daftari la msimu uliopita, avizungushie duara, achore mistari, kisha aitundike ukutani ghalani. Mkulima wa nyanya akifanya hivyo anaweza kuamua kuosha matenga na kuyaweka mbali na mashamba yote, ang'oe mnavu wa mferejini, na atege mitego ya kunasa nondo dume, mmoja kitaluni na mmoja bondeni. Idadi ya nondo wa kila wiki nayo inaandikwa, na inavutiwa mstari hadi kwenye duara la matenga.