Ngoma Itachezewa Wapi, na Nani Kaulizwa?

Hadithi, hadithi! Najua mtajibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo mwiteni utamu peke yake. Uongo mwacheni nje, maana habari hii ina wenyewe.

Mashariki ya mji wa Dodoma kuna Chamwino. Wengi wakilisikia jina hilo hufikiria Ikulu. Mimi nafikiria muheme. Muheme ni ngoma ya Wagogo, na wapigaji wake ni wanawake: kila mmoja ameibana ngoma yake katikati ya magoti, anaipiga kwa viganja, na mwili mzima unakwenda nayo. Hapo Chamwino, tangu mwaka 2009, kumekuwa na Tamasha la Muziki wa Cigogo, lililoanzishwa na Dk. Kedmon Mapana, mwenyewe Mgogo. Vikundi vya vijijini hufika na zeze, marimba na njuga za miguuni.

Sasa tuseme kijiji kimoja cha Ugogo kimepata fedha za kujenga kituo cha utamaduni. Kijiji hicho ni cha kubuni, msikitafute kwenye ramani. Fundi anakuja na karatasi yake: ukumbi wa matofali, bati jekundu, sakafu ya vigae, viti vimefungwa kwa misumari. Mchoro unang'aa. Kila mtu anapiga makofi.

Halafu bibi mmoja mpiga muheme anauliza, "Moto tutawasha wapi?"

Fundi anashangaa. Moto wa nini? Ngozi ya ngoma ikilegea, wanangu, sauti yake inakuwa kama ya debe lenye nguo ndani. Inapashwa kwenye moto mpaka ikaze. Kwenye vigae huwezi kuwasha kuni. Na vigae vyenyewe vitateleza chini ya miguu inayokanyaga kwa kishindo. Hapo bati sijaligusa: saa nane mchana, jua la Dodoma likiwaka, ukumbi ule utageuka tanuri. Wazee wa huku walijua dawa ya jua hilo. Nyumba yao, tembe, ina paa bapa la miti lililofunikwa udongo mnene, na vyumba vyake huzunguka ua. Nani angemwambia fundi hayo, kama si waliokulia humo?

Msidhani kuchora bila kuuliza ni jambo la hadithi tu. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mpango mkuu wa mji, wa mwaka 1976, uliandaliwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates. Sisemi walichora vibaya. Barabara pana za Dodoma mnazipenda hata ninyi. Lakini ardhi ya mji ilisimamiwa na mamlaka moja, CDA, na wananchi walilalamikia viwanja kwa miaka mingi, hadi Rais John Magufuli alipoivunja Mei 2017 na kazi zake zikahamia manispaa.

Kijijini njia ya kuuliza ipo, tena ni ya kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Mwenyekiti anaketi mbele, mtendaji anaandika, anayenyoosha mkono anasikilizwa. Ila kuna ujanja mdogo wa kuangalia: mkutano umeitishwa lini? Mvua za huku huanza karibu na Desemba. Ukiita watu saa nne asubuhi mwezi wa kwanza, akina mama wako mashambani wakipalilia mtama na uwele, na mkutano utajaa wanaume waliokaa kivulini. Nao wataamua habari za muheme! Mimi ningeuweka jioni, tena baada ya mavuno.

Na ninyi watoto je? Nimesema miaka 18, nikawaona mkinuna. Subirini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kura hamna, sauti mnayo. Penye baraza la watoto, pelekeni huko hoja yenu. Pasipo na baraza, mwombeni mwalimu aipeleke kwa mtendaji kabla ya siku ya mkutano, si baada ya msingi kuchimbwa.

Turudi kwa bibi. Hakungoja ajibiwe. Amechukua fimbo, anachora mchangani duara kubwa la kuchezea, udongo mtupu. Pembeni anatia shimo la moto, upande wa chini ya upepo ili moshi usiwaingie wachezaji machoni. Ukumbi wa fundi ameuacha, lakini ameusogeza nyuma na kuufanya mdogo, wa kutunzia ngoma na marimba. Fundi anachuchumaa, anapima kwa hatua, anaandika.

Kando ya duara amesimama mtoto wa darasa la tatu. Siku zote za ngoma yeye huona migongo tu. Anachukua kijiti, anachora mstari mfupi mbele kabisa, ndani ya duara la bibi.

"Hapa tukae sisi wafupi," anasema.

Bibi anaupima ule mstari kwa macho, kisha anausogeza nyuma hatua moja ili njuga zisiwapige usoni.