Umoja Hadi Thika

Tangu nipandishwe cheo na kupelekwa shule moja mjini Thika, huondoka Umoja kabla majogoo hayajawika. Matatu hunipitisha Outer Ring hadi Allsops, ambako hupanda nyingine. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, siilaumu sana. Msongamano wa Outer Ring ndio unaoniteka jioni. Nifikapo, binti yangu wa Gredi ya 9 amelalia daftari. Nasahihisha insha za wana wa wenzangu, yake sijaisoma hata moja!

"Hama," waniambia. Lakini kibanda cha mboga cha mke wangu ki Umoja, na wateja hawapakiwi kwenye lori. Basi nitapanga chumba Thika, nirudi kila Ijumaa. Afadhali siku mbili za kuonana kuliko tano za kupishana. Binti aliposikia, aliuliza iwapo nitakuja na kalamu nyekundu.