Mzazi wa Kalamba, kiti chako kiko wapi?

Makueni, kuitwa baraza si habari. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, wakazi wa wadi zake 30 wamezoea kuketi chini ya mti na kusema wanachotaka: maji, barabara, zahanati. Mpango huo wa kuanzia kijijini umesifiwa hadi nje ya Kenya.

Lakini hebu tumchukulie mama mmoja wa Kalamba. Mwanawe ana miaka tisa na hasikii. Shule ya jirani haina mwalimu anayejua lugha ya ishara. Mama anainua mkono barazani, anaeleza. Jibu: “Mwaitu, hilo si letu. Ni la serikali kuu.”

Na hajadanganywa. Katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule ya msingi na sera ya elimu zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Baraza linaloweza kumletea kisima haliwezi kumletea mwalimu mmoja.

Hapo ndipo wengi hufa moyo na kurudi nyumbani. Kumbe mlango upo, tena pale pale shuleni.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka bodi ya usimamizi wa shule iwe na watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi. Juu ya hao, kuna kiti kimoja cha anayewakilisha mahitaji maalum. Bodi hiyo ndiyo huishauri Bodi ya Elimu ya Kaunti, ambayo licha ya jina ni chombo cha serikali kuu, kuhusu upungufu wa walimu. Na kila mzazi mwenye mtoto shuleni tayari ni mwanachama wa chama cha wazazi. Haombi ruhusa ya mtu.

Wazazi wakishikana, mambo husonga. Jijini Nairobi, wazazi wa watoto wenye usonji walianzisha Autism Society of Kenya mwaka 2003, na darasa la watoto hao likafunguliwa katika shule ya umma ya City Primary, Ngara. Hawakungoja wizara iwakumbuke.

Leo kuna hata silaha zaidi. Sera ya kitaifa ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza elimu jumuishi: mtoto asome na wenzake, asifichwe nyumbani. Tatizo ni kwamba karatasi haitembei yenyewe kutoka Nairobi hadi Kalamba.

Ndiyo maana hii ni kazi yako pia, wewe unayesoma haya kwa simu ukiwa kwa matatu. Una mdogo wako au binamu kule ushago? Pigia mzazi wake simu leo. Mwambie katika mkutano ujao wa shule aulize swali moja tu: “Kile kiti cha mahitaji maalum, nani amekikalia?”

Wakikosa jibu, basi ajitokeze akikalie yeye.