Vali Iliyo Mkononi: Kiriba, Pistoni na Uhunzi wa Wadatooga

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ufundi wa kubana na kusukuma hewa kwa chombo kilichoundwa nyumbani umehifadhiwa hasa na wahunzi wa Kidatooga wa ukoo wa Gidang'odiga, ambao kwa vizazi vingi wamewafulia majirani zao mikuki, visu, ncha za mishale na bangili. Miongoni mwa wanaotumia kazi ya mikono yao wamo Wabarabaig, tawi la Wadatooga, wa nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang, na pia Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao kwa desturi huleta asali na ngozi na kuondoka na vyuma. Mtazamaji huvutwa kwanza na nyundo na fuawe, lakini kazi yote hutegemea mvukuto, yaani chombo hicho cha kusukumia hewa, na kiini cha mvukuto ni vali.

Vali ni sehemu ya chombo inayoipa hewa au kimiminika njia ya kupita upande mmoja na kukizuia kisirudi, au inayofungua na kufunga njia kwa wakati uliokusudiwa. Umuhimu wake hutokana na tabia ya hewa yenyewe, kwamba daima hutoka penye kanieneo kubwa, yaani penye msukumo mkubwa zaidi juu ya kila sehemu ya eneo, na kuelekea penye kanieneo ndogo. Hivyo chombo chochote kinachopanuka na kusinyaa, kisipokuwa na vali, hufyonza na kutema kupitia tundu lile lile, na moto uliokusudiwa kupulizwa huvutwa urudi ndani ya chombo.

Kiriba cha mhunzi hulitatua tatizo hilo kwa njia inayostahili kuangaliwa kwa makini. Ngozi ya mbuzi hulainishwa na kushonwa ikawa mfuko, upande mmoja ukafungwa kwenye bomba linaloelekea motoni, na upande wa pili ukaachwa na mdomo mrefu wenye kingo mbili. Mvukutaji anapouinua mfuko hutanua vidole vyake, kingo zikaachana, hewa ikaingia kwa wingi kupitia mdomo huo mpana ambao ni rahisi kwake kuliko lile bomba jembamba. Kisha hukunja mkono, kingo zikabanana, naye akaukandamiza mfuko kuelekea chini, ili hewa iliyomo isibakiwe na njia nyingine ila ya motoni. Hapa mkono ndio vali, na ubora wa vali hiyo hutokana na wakati wa kufunga: mdomo ukifungwa mapema mfuko haujai, na ukichelewa hewa humwagika nyuma badala ya kwenda mbele. Kwa kuwa mfuko mmoja hauwezi kujaa na kupuliza kwa pamoja, viriba hutumika viwili, kimoja kikijaa wakati kingine kinapuliza, na mkondo wa hewa ukawa karibu usiokatika. Kijana anayefundishwa uhunzi hupewa kwanza kazi hiyo ya kuvukuta, na haifai kuidharau, kwa maana joto lote la tanuri limo katika mwendo wa mikono yake.

Joto hilo si dogo. Mhadzabe huweza kuugonga msumari ukiwa baridi hadi ukawa ncha ya mshale, lakini chuma kinene cha mkuki hutaka kuwekwa kwenye nyuzi joto za Selsiasi kati ya 900 na 1,200 ndipo kinyooke bila kupasuka. Nayo shaba ya manjano inayopatikana katika kufuli na mabomba makukuu, ambayo mhunzi huiyeyusha na kuimimina iwe bangili, huhitaji nyuzi 900 na zaidi kidogo. Mkaa huweza kufika huko, mradi upate hewa nyingi na ya kudumu, wala si lazima hewa hiyo iwe na kanieneo kubwa.

Afrika Mashariki imewahi kulijibu swali la namna ya kuupatia moto hewa kwa njia nyingine pia. Wafipa walijenga tanuri ndefu za kuyeyushia mawe ya chuma, ambazo zilivuta hewa zenyewe kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu, bila mvukuto wowote katika hatua hiyo. Wahaya, ambao uyeyushaji wao ulielezwa na Peter Schmidt na Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978, walitumia mivukuto ya mfano wa ngoma iliyofunikwa ngozi. Katika mivukuto ya aina hiyo isiyo na vali, ncha ya bomba huachwa mbali kidogo na mrija wa udongo unaoingia motoni, ili wakati wa kufyonza hewa baridi iingie kupitia mwanya huo, na wakati wa kupuliza mkondo wenye kasi uvuke mwanya na kuingia mrijani.

Pistoni, yaani kizibo kinachokwenda na kurudi ndani ya silinda, nayo ina historia ndefu katika uhunzi. Nchini Madagaska wahunzi walivukuta kwa silinda mbili za magogo yaliyotobolewa, mtindo unaofanana na ule wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambako kizibo huzungushiwa manyoya au kitambaa. Manyoya hayo hulala kizibo kinapovutwa, hewa ikapita pembeni, na hutanuka kinaposukumwa, hewa ikazuiwa. Hivyo kitu kimoja kikawa kizuizi na pia vali. Kikombe cha ngozi kilicho ndani ya pampu ya baiskeli hufanya kazi iyo hiyo, na ndiyo maana pampu iliyokauka hufufuka ikitiwa mafuta: ngozi hulainika, ukingo wake ukakaza tena kwenye ukuta wa silinda.

Ugumu wa pistoni ya nyumbani uko kwenye ukuta huo. Silinda lazima iwe na upana ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, kizibo kisikwame wala kisivujishe, na mbao, ambayo huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa jua, haitoi uhakika huo bila kazi kubwa. Kiriba hakidai usahihi wa namna hiyo, kwa sababu ngozi hujikunja ifuate umbo lolote na mkono hurekebisha kasoro papo hapo. Pistoni huishinda ngozi pale tu panapotakiwa kanieneo kubwa, na hapo hatari huongezeka: bomba la plastiki lililokusudiwa kupitisha maji halifai kuhifadhi hewa iliyobanwa, kwa kuwa hewa hiyo hubeba nishati nyingi, na bomba likipasuka vipande vyake huruka kwa nguvu ya kujeruhi. Kwa mhunzi anayehitaji hewa nyingi yenye kanieneo ndogo, aliye na ngozi za mbuzi wala hana mashine ya kukerezea, kiriba ndicho chaguo sahihi la kihandisi.

Wenye ujuzi huu wamezoea kutengwa. Wadatooga wengine hawaoani na Wagidang'odiga, na kazi yao imehesabiwa kuwa ya watu wa chini hata na wale wanaobeba mikuki waliyofuliwa nao. Vyuo vya ufundi na shule za sekondari za Mbulu na Hanang, zinazofundisha kanieneo kwa michoro ya vitabuni, ziwaalike wahunzi hawa kama walimu, ziwalipe kwa kazi hiyo, na zipime na kuchora viriba vyao kwa ridhaa yao wakati wavukutaji wazoefu wangalipo.